Uzi maalumu: Fenicha za zamani hapa Dar, namna ya kukagua, kuuliza na kununua kwenye duka la mtaani

Mleta uzi (#1)

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Humu mtu akiuliza wapi atapata kabati la maana, majibu huwa mawili: nenda Keko ukachongeshe, au nenda duka kubwa lenye kiyoyozi ukachukue la MDF, ile mbao ya unga wa mbao uliogandishwa. Njia ya tatu tunapishana nayo kila siku tukiwa kwenye daladala. Ni yale maduka ya vitu vya zamani ya mitaani: fremu moja au mbili, viti vimebebana hadi barazani, kabati limegeuziwa ukutani, juu yake redio ya mbao na taa za chemli zimejipanga. Magomeni yapo, Kinondoni yapo, Ilala yapo, Msasani yapo. Sitataja duka hata moja kwa jina, uzi usije ukageuka tangazo.

Msimamo wangu nautanguliza ili anayepinga apinge mapema. Ukiingia kwenye duka la namna hii, swali la kwanza liwe "hiki kimetoka wapi?", bei ifuate baadaye. Muuzaji anayeijua kazi yake hujibu palepale: hiki kimetoka Upanga, nyumba inavunjwa wanapandisha ghorofa, hiki ni cha mzee mstaafu wa reli, amefariki, watoto wamegawana, hiki cha Mzungu wa Masaki, mkataba umeisha amerudi kwao. Kwa jibu hilo moja umeshapata umri wa kitu, aina ya nyumba kilimoishi, na kama kuna vingine vya seti ileile vinakuja. Akikujibu "mzigo tu umeingia bosi" na hataki kuendelea, mimi huaga kwa adabu nikaondoka, hata kama bei ni ya kutupa. Huyo hajui anachouza, au anajua na hataki nijue. Yote mawili ni hasara kwangu.

Kwa nini Dar kuna vitu hivi kwa wingi? Mji huu umepita mikono mingi. Familia za Kihindi za Upanga, Kariakoo na katikati ya mji zilikuwa na mafundi wao, na zilipenda mbao nzito. Mwaka 1971 ilipopita sheria ya kutwaa majengo, na nyumba nyingi zikaenda kwa Msajili wa Majumba, baadhi ya familia hizo zilihama nchi, na kabati la mvule hulibebi kwenye ndege. Serikali ya Mwingereza nayo ilikuwa inaweka samani kwenye nyumba za watumishi wake kupitia idara ya ujenzi, ile PWD. Halafu reli na bandari. Ukikuta kiti kimepigwa muhuri wa EAR&H, tarehe yake haikusumbui: hilo ni shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, liliundwa 1948 na likagawanywa 1969, reli kivyake, bandari kivyake. Kiti ni cha humo katikati. Lakini hapa ndipo swali la "kimetoka wapi" linapouma zaidi. Mali ya umma hutoka kihalali kwa mnada, na mnada una stakabadhi. Omba uione.

Sasa mbao, maana ndicho hasa unachonunua. Zilizotawala fenicha za zamani hapa kwetu ni mninga, mvule, mkongo, mtiki na mkangazi. Mninga una kahawia yenye wekundu, mistari yake haiendi sawa, na ukishakauka vizuri haupindi hovyo. Mvule ukiwa mpya ni wa njano njano, ukikaa miaka unakolea kuwa kahawia. Mafundi wanaujua kwa ile "mawe" inayojificha ndani na kuua meno ya msumeno. Mtiki una mafuta, ukiukwangua kidogo unanukia kama ngozi. Mkangazi ni mwepesi kuliko wenzake. Mti wa mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasua mbao pana, na kwa jinsi ulivyovunwa, ubao mmoja mpana wa juu ya meza kama walioutumia miaka ya 60 leo utautafuta sana. Mafundi wa sasa wanaunga vipande vinne vitano kupata upana ule.

Usitazame uso wa kitu. Uso umepigwa vanishi juzi kwa ajili yako. Chomoa droo, igeuze chini juu, upeleke nje kwenye mwanga. Sehemu ile haikuwahi kupakwa chochote, kwa hiyo mbao inakwambia ukweli. Lowesha kidole, sugua, subiri kidogo: rangi halisi ya mbao inajitokeza. Tazama kona za droo, zimeumanishwa meno kwa mkono, au zimegongelewa misumari? Meno ya mkono hayalingani sawasawa, moja nene, jingine jembamba. Pitisha mkono chini ya ubao, utahisi mawimbi madogo ya randa.

Kuna kabati la vyombo nililichukua mwaka jana kutoka duka la mtaani kwetu, mninga mtupu, milango miwili ya kioo juu, droo tatu chini. Nyuma ya kila droo kulikuwa na namba kwa penseli, na tarakimu zenyewe zilikuwa za Kigujarati: fundi alikuwa anajiwekea alama asichanganye droo na tundu lake. Mzee mwenye duka alikuwa ameshaniambia limetoka nyumba ya Wahindi Mtaa wa Upanga kabla hata sijaigusa droo. Maneno yake na penseli ya fundi vikakubaliana. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Tazama na skrubu. Yenye kichwa cha msalaba ni ya Phillips, Mmarekani aliyepata hataza yake 1936. Mtu akikuuzia "meza ya Mjerumani" yenye skrubu za msalaba pande zote, na zote zimeota kutu humohumo kwenye mbao, muulize tena taratibu. Mjerumani alitoka Dar mwaka 1916. Skrubu moja mpya inaweza kuwa ya matengenezo. Zote, hapana.

Karibuni tuchangie.

Mdau wa Tabata (#2)

Mkuu uzi wa maana sana. Lakini tuwekee na bei basi, na usafiri. Wengine tukionekana tu tumetoka kazini na mashati ya kuchomekea tunapigwa mara mbili.

Mleta uzi (#3)

Mdau wa Tabata, lile kabati bei ya kuanzia ilikuwa laki tatu na nusu, tukamalizana laki mbili na themanini. Nilishaulizia Keko kabati la mninga la ukubwa ule, bei ya chini niliyopewa ilikuwa laki nane. Lakini usibebe bei yangu kwenda nayo dukani kama kipimo, kila kipande kina hali yake.

Namna ya kushusha bei kwa heshima: kagua kwanza, kwa utulivu, na taja kasoro ulizoziona kwa jina. Bawaba moja imelegea. Mguu wa nyuma umeungwa. Kioo kimoja si cha asili. Muuzaji akiona unajua unachokishika, anashusha mwenyewe. Kusema "punguza bosi" mara kumi hakumshushi mtu. Na wapo wazee wenye maduka haya ambao ukimsalimia vizuri na kukaa kwenye kigoda chake ukamsikiliza, atakutolea kitu ambacho hakijawahi kuwekwa mbele.

Usafiri ni kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kabla ya kupakia toa droo zote na rafu, zifunge peke yake. Milango ya kioo ifungwe kwa khanga au blanketi, kisha mpira wa baiskeli, usitumie kamba ya katani moja kwa moja kwenye mbao, itaacha alama. Kabati lisafiri limesimama au limelala kwa mgongo. Ukililaza kwa uso vioo ndivyo vinabeba uzito.

Na ukiacha kishika uchumba, yaani malipo ya awali, andikishianeni. Karatasi ya daftari inatosha: tarehe, kitu chenyewe, kilicholipwa, kilichobaki, sahihi mbili.

Fundi wa Keko (#4)

Mimi ni seremala Keko, kazi nimerithi kwa baba. Mleta uzi nakuheshimu ila unatuchafulia jina. Mninga bado upo, wenye leseni na vibali vya misitu wanauza. Shida ni mteja anataka mninga kwa bei ya paini ya Mufindi. Akija na laki tatu nitampa nini? Halafu hizo fenicha za zamani mnazozisifia, nusu yake gundi imeshakufa. Zamani walitumia gundi ya kuchemsha, ile inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kwa unyevu wa hapa pwani inaachia. Kiti kinaonekana kizima, akikaa mtu wa kilo tisini kinafunguka.

Mleta uzi (#5)

Fundi, karibu sana, na hilo la gundi umelisema wakati wake. Sijawachafulia. Ninachosema mimi ni kwamba mteja mwenye laki tatu leo anaishia kwenye MDF ambayo ikimwagikiwa maji inavimba kama andazi, na baada ya miaka mitatu inatupwa. Mteja huyohuyo akinunua kiti cha zamani cha laki moja, atakuja kwako umfungulie miungo na kukigundisha upya. Hela ya ufundi imebaki kwako.

Na kwa faida ya wengine, ile gundi ya kuchemsha kuachia kwa unyevu na joto ni sehemu ya uzuri wake. Muungo unafunguka bila kuvunja mbao. Fundi anausafisha kwa maji ya moto, anarudishia. Ukishagundisha kwa gundi za kisasa zisizoachia, siku ya kurekebisha utakata. Nisahihishe kama nimekosea.

Fundi wa Keko (#6)

Hapo umesema kweli. Na mimi niongeze moja, watu wanatuletea sana hii. Mtu ananunua kabati Aprili, masika imekolea, droo zinakaza. Anakimbilia fundi wa mtaani, anamwambia apige randa. Fundi asiyejua anapiga. Ikifika Agosti mbao imekauka imerudi, droo inacheza kama jino bovu. Droo ikikaza masika, iache. Sugua mshumaa kwenye kingo za chini na kwenye reli yake, utelezi unatosha. Ikikaza na kiangazi, hapo ndiyo niletee.

Pia msiweke fenicha ya zamani mbele ya kiyoyozi. Mbao iliyozoea hewa ya Dar miaka hamsini ukiipulizia ubaridi mkavu usiku kucha, inapasuka juu.

Dada wa Mikocheni (#7)

Naomba kuuliza jamani. Kuna maduka yanaleta makontena ya fenicha zilizotumika kutoka Uingereza na Dubai. Mie naona ni nzuri, nyepesi, zina miguu ile myembamba ya kuchongoka, kama za kwenye picha. Hizi nazo mnaziweka kundi gani? Maana bei zao si haba.

Mleta uzi (#8)

Dada, zipo nzuri kabisa. Miguu myembamba iliyochongoka ndiyo ilikuwa mtindo wa Ulaya miaka ya 50 na 60. Angalia vitu viwili. Cha kwanza vinia, yaani tabaka jembamba la mbao nzuri linalobandikwa juu ya mbao duni. Nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa vinia ya mtiki au mkangazi iliyobandikwa juu ya chipubodi au playiwudi. Kuwa vinia si kosa, mafundi wakubwa wameitumia, ila usilipie bei ya mbao nzima. Tazama ukingo wa ubao: mistari ya juu ikiendelea kushuka pembeni, ni mbao nzima, ikikatika ukingoni na kuanza upya, ni vinia. Na kitu cha vinia usikipige msasa mzito, utaitoboa ufike kwenye chipubodi na hapo hakuna kurudi.

Cha pili, swali langu lilelile. Mwenye kontena mara nyingi hajui kimetoka nyumba gani, na sitamlaumu, amenunua kwa jumla. Kwa hiyo unamlipia mtindo na hali ya kitu tu. Mimi hela ileile naona inanunua zaidi ikienda kwenye kitu cha hapa chenye historia inayojulikana, na kwenye mbao iliyokwisha kuzoea hewa yetu. Zinazotoka nchi za baridi huja kufundishwa unyevu zikiwa sebuleni kwako.

Kijana wa Sinza (#9)

Wakuu nimepata dili. Kuna jamaa ana mlango wa nakshi wa Bagamoyo, anasema ni wa zamani sana, fremu yake ipo na lile nguzo la katikati. Nataka niulaze niweke kioo juu iwe meza ya sebuleni. Anataka laki sita, anasema nifanye haraka kuna Mzungu anautaka aupeleke kwao. Nichukue?

Mleta uzi (#10)

Kijana wa Sinza, simama hapo hapo. Usitoe hela.

Milango ya nakshi ina sheria yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inautaja mlango au fremu ya mlango wa mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki kabla ya mwaka 1940, na kuuweka kwenye vitu vinavyolindwa. Maana yake huwezi kuutoa nchini bila kibali cha mamlaka ya Mambo ya Kale. Huyo anayekuharakisha kwa habari ya Mzungu na safari anakutajia jambo lisilowezekana bila kibali, kama ni kweli mlango ni wa zamani. Na kama si wa zamani, basi laki sita ni za nini?

Muulize umetoka nyumba gani. Bagamoyo ni mji mdogo, nyumba zenye milango ile zinajulikana kwa wenyeji. Mlango hautoki ukutani wenyewe. Kama nyumba imeanguka na wenye nyumba wameuza, kutakuwa na wenye nyumba wa kuongea nao. Kama hakuna mtu, kuna uwezekano umeng'olewa usiku. Mambo haya yananiuma kwelikweli. Kila mlango unaong'olewa unaacha ukuta uliozibwa kwa matofali ya saruji, na mtaa unabaki bila uso.

Ukitaka mlango wa nakshi kwa ajili ya meza, kachongeshe mpya. Wachongaji wapo Zanzibar na hapa Dar, wanachonga maua, minyororo na mawimbi yaleyale kwa mkono, na hela inamfikia mchongaji aliye hai.

Kijana wa Sinza (#11)

Nimempigia, nimemuuliza umetoka nyumba gani. Amekata simu. Asante mkuu.

Mdau wa Tabata (#12)

Dah. Hili la mlango nilikuwa sijui kabisa. Swali lingine: kuna kitanda nimekiona, mbao nzuri ila kina vitundu vidogo vidogo kama vya sindano kwenye mbavu. Muuzaji anasema ni vya zamani, wadudu walishakufa.

Fundi wa Keko (#13)

Anaweza kuwa anasema kweli. Jaribu hivi: kisuguliwe kifutwe vumbi lote, tandika karatasi nyeupe chini yake, kiache usiku mzima na siku inayofuata. Ukikuta unga mlaini chini ya vitundu, wadudu wapo ndani wanakula. Usipokuta kitu, na ndani ya vitundu kumekuwa kweusi kwa vumbi la zamani, huenda wameshahama.

Angalia pia vitundu vipo upande gani wa mbao. Wadudu hawa wanapenda ile sehemu nyeupe ya pembeni ya mti, moyo wa mninga au mvule hawauwezi kirahisi. Vikiwa kwenye weupe tu, kitanda kinapona: dawa ya wadudu unaipiga kwa sirinji tundu kwa tundu, unafunga kwa nta. Vikiwa vimeenea hadi kwenye miungo, bonyeza kwa kucha. Ikizama, mbao imebunguliwa, achana nacho. Na usikiingize ndani kabla hujajua, watahamia kwenye fremu za milango yako.

Mama wa Upanga (#14)

Wanangu, mimi ni mtu mzima, huwa nasoma tu siandiki. Leo nimeguswa.

Nyumbani kwetu kulikuwa na bembea ya sebuleni, ile ya ubao mpana unaoning'inia kwa minyororo ya shaba kutoka darini. Majirani zetu Wahindi walituachia walipohama. Wamekulia pale watoto wangu wote. Tulipohamia kwenye ghorofa hakukuwa na dari ya kuibeba. Akaja dalali, akanipa hela ndogo, akasema "mama hii ni kuni tu". Baadaye nikaiona kwenye duka moja minyororo peke yake inauzwa, ubao hauonekani. Ubao walikuwa wameupasua.

Kwa hiyo mleta uzi, huo wito wako wa kuuliza kimetoka wapi ni mzuri, lakini waambie na wanaouza. Mtu akija kununua kwako kitu cha wazee wako, mwambie historia yake, mwandikie hata kikaratasi akibandike nyuma. Mngejua vitu hivyo vimebeba nini msingevipasua.

Na shaba msiisugue kwa msasa. Sisi tulikuwa tunatumia ukwaju. Unaloweka, unasugua kwa kitambaa, unasuuza, unakausha saa hiyohiyo. Inang'aa bila kuchubuka.

Mleta uzi (#15)

Shikamoo mama. Asante sana kwa kuandika, na pole kwa bembea. Hilo la kikaratasi naona lingekuwa desturi ya kila nyumba. Mimi nimeshaandika cha kabati langu: limetoka mtaa gani, nimelinunua mwaka gani, fundi gani amelirekebisha bawaba. Nimekibandika nyuma ya droo ya kati, karibu na zile namba za penseli lakini si juu yake.

Wauzaji mnaopita humu, msitenganishe vitu. Seti ya viti sita ikiuzwa viwili viwili, bembea ikitolewa minyororo, kabati likivuliwa vishikio vya shaba viuzwe kivyake: mnapata hela ya leo na kitu kimekufa.

Dada wa Mikocheni (#16)

Mama wa Upanga nimesoma nikatulia kabisa. Mkuu, na mapambo je? Nina ukuta mtupu. Nimeoneshwa picha ya Tingatinga, jamaa anasema imechorwa na Tingatinga mwenyewe, elfu themanini. Na kuna sanamu ya Kimakonde, nyeusi tii. Na kasha la Zanzibar.

Mleta uzi (#17)

Nianze na Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora picha zile mwaka 1968 na akafariki 1972. Miaka minne tu. Kazi za mkono wake mwenyewe ni chache na hazizunguki mtaani kwa elfu themanini. Lakini usiidharau picha hiyo kwa sababu hiyo. Wanafunzi wake na waliofuata wameendeleza mtindo, wana ushirika wao pale Oysterbay, na kazi nyingi ni nzuri sana. Muulize mchoraji ni nani. Jina lake liko kwenye picha, kwa kawaida kona ya chini. Ilipie kama kazi ya huyo aliyeisaini, na uijue kwa jina lake.

Sanamu: mpingo ni mzito mno, kipande chake kinazama majini. Sanamu ndogo iliyo nyepesi mkononi ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Igeuze uone chini, kule polishi haifiki vizuri. Mara nyingi utaona wachongaji wameacha ukanda wa mbao ya pembeni yenye weupe wa njano, hiyo nayo ni dalili njema. Ukifika Mwenge kwenye vinyago utawaona wakichonga, kaa uangalie kabla ya kununua popote.

Kasha la Zanzibar nalipenda kupita kiasi kwa hiyo nitajizuia. Makasha ya zamani yaliletwa kwa majahazi kutoka Surat, Bombay na Ghuba ya Uajemi, mengine yakatengenezwa hukuhuku pwani. Fungua kifuniko, nusa: la mtiki la zamani lina harufu yake kavu, jipya linanuka vanishi. Ndani pembeni huwa na kijisanduku kidogo cha vitu vya thamani, na mengine yana droo chini. Chukua sumaku ndogo, ile ya kwenye spika mbovu inatosha, ipitishe kwenye njumu (ile misumari ya mapambo) na mabamba. Shaba haivutwi. Ikinasa, ni bati lililopakwa rangi ya shaba. Makasha mapya yanatengenezwa Zanzibar hadi leo na mengi ni kazi safi, ila yauzwe kama mapya.

Dada wa Mikocheni (#18)

Picha imesainiwa kona ya chini, jina ni tofauti kabisa na alilonitajia. Nitaenda kumwambia. Bado naipenda, nitamlipa bei ya haki.

Baba wa Kigamboni (#19)

Mimi swali langu moja tu. Nimepata kitanda cha mtoto cha chuma na mbao, cha kizamani, kimepakwa rangi nyeupe tabaka kwa tabaka, inabanduka. Mke wangu anataka tukikwangue tukipake upya kabla mtoto hajazaliwa.

Mleta uzi (#20)

Baba wa Kigamboni hongereni. Hapa naomba uwe mkali. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa mtoto mchanga na mama mjamzito. Usikwangue ikiwa kavu, wala usitumie mashine ya msasa ndani ya nyumba. Mama asiwepo kabisa wakati wa kazi. Mpe fundi aifanyie nje, rangi ikiwa imelainishwa kwa dawa ya kutolea rangi au imeloweshwa maji, avae barakoa ya vumbi jembamba, mabaki yakusanywe kwenye nailoni na yasifagiliwe uani. Pima pia nafasi kati ya fito. Kichwa cha mtoto kisipenye. Vitanda vya zamani vingine fito zake zimeachana mno, na hapo hata rangi ikitoka kitanda hakifai kulaza mtoto. Kama fito zimeachana zaidi ya sentimita sita, kitumieni kuwekea mito na khanga, mtoto mtafutie kingine.

Fundi wa Keko (#21)

Kitanda cha mtoto nakichonga kwa paini safi, nafasi ya fito sentimita sita, bila rangi, natumia nta tu. Baba wa Kigamboni nitumie ujumbe wa ndani, tupange vipimo.